Herufi ya Tatu Iliyofichwa na Bega la Babu

Swali: Shikamoo fundi. Babu yangu mzaa mama aliondoka Unguja miaka ya 60 akaenda London, akafanya kazi ya ukondakta wa mabasi. Ametuachia picha moja tu. Amesimama ubavuni mwa basi jekundu la ghorofa, na kwenye boneti pameandikwa RM, halafu kuna herufi imefichwa na bega lake pamoja na namba zote. Bamba la mbele linasomeka JJD 4, kisha kuna kofia ya mwenzake aliyechuchumaa, kisha D. Mjomba anasema hiyo ni Routemaster na Routemaster zote ni sawa. Mimi nikitafuta naona RM, RML, RMC, RCL, RMF. Ni basi gani hili, lilikuwa na injini gani, na mbona mabasi ya ghorofa ya sasa hayana ile pua wala ule mlango wa nyuma? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Picha imenifika, nimeikalia siku mbili na kioo cha kukuzia. Mjomba wako amepata nusu. Ni Routemaster, hapo hakuna ubishi. Lakini kusema zote ni sawa ni kama kusema jahazi na ngalawa ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vina tanga.

Usihangaike na bega la babu. Hesabu madirisha. Tazama ubavu wa basi katikati, chini na ghorofani: kuna kidirisha kimoja kifupi, karibu mraba, kimebanwa na madirisha marefu. Hicho kinatosha. Routemaster ya kawaida, yaani RM, ina urefu wa futi 27 na inchi 6, kama mita 8.4, na madirisha yake yote ya katikati yanalingana. Lilipotakiwa basi refu zaidi, wahandisi hawakuchora jipya. Walilichana lile lile katikati, wakachomeka kipande cha futi 2 na inchi 4. Pua ikabaki ile ile, ngazi ile ile, matako yale yale. Kipande kilichochomekwa ndicho kidirisha chako, na herufi iliyofichwa ni L. Babu amesimama kando ya RML, basi la viti 72, 40 juu na 32 chini, wakati RM ya kawaida ina viti 64.

Kuna mtu atanibishia kwamba RCL nayo ina kidirisha hicho. Ni kweli. Lakini RCL na ndugu yake mfupi RMC zilikuwa mabasi ya safari za nje ya mji, za huduma iliyoitwa Green Line. Zilitoka kiwandani na milango ya umeme nyuma, abiria wasipigwe na baridi njia nzima, na taa za mbele mbili mbili kila upande. La babu lina taa moja moja, na nyuma liko wazi kabisa, kibaraza na nguzo ya kushikilia. Isitoshe, RCL zote 43 zilikuwa na bamba za CUV zinazoishia na C, za mwaka 1965. Bamba la JJD lenye D mwishoni ni la mwaka 1966, na Routemaster zilizopewa herufi hizo ni RML peke yake, kuanzia namba 2364 hadi 2598. Uzuri ni kwamba tarakimu tatu za bamba ndizo tarakimu tatu za mwisho za namba ya basi. Ukiona JJD 4, basi hilo ni moja kati ya RML2400 na RML2499. Kofia ya yule bwana aliyechuchumaa imetunyima tarakimu mbili tu.

RMF ndiyo adimu kuliko zote ulizozitaja. F ni ya mlango wa mbele. London ilikuwa na moja tu, RMF1254, nayo ikaishia kuuzwa kaskazini kwa kampuni ya Northern General, ambayo ilikuwa na Routemaster 50 za mlango wa mbele zenye injini za Leyland. Shirika la ndege la BEA nalo lilichukua 65, fupi, za mlango wa mbele, likawa linazifunga trela la mizigo nyuma na kukimbiza abiria kutoka mjini hadi uwanja wa Heathrow. Basi la ghorofa linavuta trela la masanduku kwenye barabara kuu! Jumla ya Routemaster zote, ukihesabu na moja ya ajabu nitakayoieleza baadaye, ni 2,876. Za mwanzo za majaribio ziliundwa katikati ya miaka ya 50, na ya mwisho, RML2760, ilitoka mwaka 1968.

Injini sasa. RML za kundi la babu zilitoka na injini ya kampuni ya AEC iitwayo AV590. Hiyo 590 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, ambao ni lita 9.6. Silinda sita, dizeli, nguvu za farasi 115. Kijana wa leo akisikia 115 anacheka, maana kuna magari madogo ya kwendea kazini yana zaidi ya hizo. Lakini injini ile haikuwa na haraka. Ilifika mwisho wa nguvu zake kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, ikavuta abiria sabini na kitu toka kituo hadi kituo siku nzima, mwaka hadi mwaka. Baadhi ya RM zilifungwa Leyland O.600 ya lita 9.8. Ukienda kuziona leo kwa watunzaji, usidanganyike na mlio: nyingi zilibadilishwa injini miaka ya 90 zikawekewa Cummins au Iveco, na mzee aliyeziendesha zamani atakwambia pale pale kwamba sauti hii siyo.

Jambo linalonifurahisha mimi fundi si injini, ni bodi. Mabasi mengi ya enzi ile yalikuwa na chasisi kama lori, kisha fundi mwingine anakuja kuketisha bodi juu yake. Routemaster haina chasisi. Bodi yenyewe, ya alumini, ndiyo mfupa. Mbele imefungiwa fremu ndogo inayobeba injini, usukani na miguu ya mbele, na nyuma fremu nyingine inayobeba ekseli na springi. Ujuzi huo haukutoka hewani, au tuseme ulitoka hewani kweli: wakati wa Vita vya Pili, London Transport, shirika la usafiri la London, na washirika wake, wakiwemo Park Royal waliokuja kuunda bodi za Routemaster, walikuwa wakiunda ndege za mabomu aina ya Halifax. Watu waliozoea kupiga ribiti kwenye alumini ya bawa waliporudi kwenye mabasi walijua namna ya kupata nguvu bila uzito. RM ilibeba watu wanane zaidi ya RT, basi lililoitangulia lenye viti 56, na bado haikulizidi uzito. RML ya babu, tupu, haikufika tani 8.

Na dereva wake alistareheka. Usukani ulikuwa na msaada wa haidroliki, breki vile vile, hakuna pedali ya klachi, gia zinajibadilisha zenyewe au dereva anazichagua kwa kijiti kidogo chini ya usukani. Mbele kila gurudumu lina springi yake ya koili. Haya ni mambo ya miaka ya 50, wakati madereva wengi wa magari makubwa duniani walikuwa bado wanapigana na usukani kwa mabega.

Hukuuliza, lakini kila mtu huuliza: kwa nini halipinduki? Kwa sababu unachokiona ni kirefu na chepesi, na usichokiona ni kizito na kiko chini. Injini, giaboksi, ekseli na difu vyote viko usawa wa magurudumu. Kule juu ni alumini, vioo na watu. Sheria ya Uingereza inataka basi la ghorofa lijaribiwe kwa kuinamishwa: ghorofa ya juu inajazwa uzito wa abiria wote, chini panaachwa patupu, ambayo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kisha basi linainamishwa upande mmoja hadi nyuzi 28, nalo lisianguke. Kuna picha nyingi za jaribio hilo, mifuko ya mchanga imepangwa vitini kama waumini, na basi limeegemea hewa. Ukiitazama, moyo unakwenda mbio hata kama hesabu unaijua.

Tuje kwenye pua na mlango wa nyuma, maana hapo ndipo habari ya babu ilipo. Ukitaka kulielewa basi la ghorofa la Kiingereza, acha kutazama ghorofa, uliza injini iko wapi. Kwenye basi la babu injini iko mbele, kushoto, chini ya ile boneti aliyoiegemea. Dereva yuko kulia kwake, peke yake, ndani ya kichumba chenye mlango wake wa kusukuma na kioo mgongoni. Hawezi kupokea nauli. Hawezi hata kumsikia abiria vizuri. Kwa hiyo mlango unakwenda nyuma, na mlango ukienda nyuma lazima pawe na mtu wa nyuma. Mtu huyo ndiye babu yako.

Lugha yao ilikuwa kengele. Huku kwetu konda anagonga bodi kwa kiganja, kule babu alivuta kamba iliyopita darini ghorofa ya chini, au alibonyeza kitufe akiwa juu. Mlio mmoja, simama kituo kijacho. Miwili, ondoka. Mitatu, tumejaa, pita moja kwa moja. Minne, kuna hatari. Tumboni alining'iniza mashine ya tiketi aina ya Gibson, sanduku dogo la chuma lenye mpini wa kuzungusha, linalochapa tiketi kwenye karatasi nyeupe ya roli. Kwenye picha yako, ile mikanda miwili inayokatiza kifua chake, mmoja ni wa mashine hiyo na mwingine wa mfuko wa ngozi wa chenji. Bonde lile dogo chini ya ngazi ndilo lilikuwa kituo chake. Alijibana humo abiria wapite.

Basi lililokuja kuiondoa kazi hiyo lilikuwa limeshazaliwa kabla RML ya babu haijatengenezwa. Leyland waliizindua Atlantean mwaka 1958. Waliitoa injini mbele wakailaza kwa upana nyuma kabisa, na nafasi iliyobaki mbele wakaweka mlango ubavuni mwa dereva. Mwanzoni kondakta aliendelea kuwemo, maana sheria haikuruhusu basi la ghorofa kuendeshwa na mtu mmoja. Ruhusa hiyo ilitoka mwaka 1966, mwaka ule ule wa bamba la babu. Miaka miwili baadaye serikali ikaanza kuwachangia wenye mabasi sehemu ya bei ya basi jipya, mradi liwe la aina inayomwezesha dereva kupokea nauli mwenyewe. Ukishamlipa mtu anunue basi la injini ya nyuma, huhitaji kumkataza la injini ya mbele. Pua ikafa kifo cha pesa, wala haikushindwa kiufundi.

Ile ya ajabu niliyokuahidi ni FRM1, ya mwaka 1966. AEC na Park Royal walichukua Routemaster, wakahamishia injini nyuma na mlango mbele, huku wakitumia vipuri vingi vile vile. Mwanzoni madirisha hayakufunguka, hewa ikategemea mitambo, na mwaka uliofuata, 1967, basi likashika moto nyuma. Likatengenezwa na kuwekewa madirisha ya kufungua. Lilikuwa basi zuri. Lakini AEC kwa wakati huo ilikuwa imeshaingia mikononi mwa Leyland, nao Leyland walikuwa na Atlantean yao ya kuuza. FRM ikabaki moja. Badala yake London ikanunua Daimler Fleetline zaidi ya 2,600 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 70, zilizojulikana kama DMS, zikaanza kuondolewa kabla ya muongo kuisha. Routemaster walizotakiwa kuzirithi zikawazika.

Nisikuache ukidhani London ndiyo Uingereza yote. Mikoani adui mkubwa alikuwa daraja la reli. Basi la kawaida la ghorofa lina kimo cha futi 14 na nusu hivi, mita 4.4, na madaraja mengi hayakulipitisha. Suluhisho la zamani lilikuwa la mateso: juu, njia ya kupita ilihamishwa pembeni kulia na kuzamishwa, na viti vikawa vya watu wanne wanne kwa mstari. Wa dirishani akitaka kushuka, watatu wanyanyuke. Na ile njia iliyozama ilitokeza darini chini, basi aliyekaa upande ule akisimama ghafla anapata nundu. Kampuni ya Bristol ndiyo iliyolitatua kwa Lodekka, jaribio la kwanza 1949. Waliisogeza pembeni propela shafti na kushusha ekseli ya nyuma katikati, sakafu ya chini ikashuka, na ghorofa nzima ikashuka nayo hadi futi 13 na nusu bila kumtesa mtu. Zilitengenezwa zaidi ya 5,000. Ukikutana na FLF6G usiogope: F ni sakafu bapa, L ni ndefu, F ya pili ni mlango wa mbele, 6 ni silinda, G ni injini ya Gardner. Ikiishia na B ni injini yao wenyewe Bristol. Hizo Gardner ni habari ya siku nyingine; kuna mafundi wakizitaja huvua kofia. Kampuni ya Guy ya Wolverhampton nao walifunga Gardner kwenye basi waliloliita Arab, na juu ya rejeta wakaweka kichwa cha Mhindi Mwekundu mwenye manyoya. Mwarabu mwenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, fahamu mwenyewe.

Mlango wa nyuma ulirudi mara moja tu. Routemaster mpya ilianza kazi Februari 2012, ikaundwa 1,000 na Wrightbus wa Ireland ya Kaskazini: mita 11.2, milango mitatu, ngazi mbili, injini ndogo ya Cummins ya lita 4.5 inayozalisha umeme wa kuisukuma. Nyuma palikuwa na kibaraza cha wazi na mtu wa kukisimamia, ila hakukata tiketi. Mshahara wake ukaonekana mzito, wakaondolewa wote ilipofika 2016, na mlango ukafungwa. Nilicheka kidogo. Unaweza kuliiga umbo, lakini umbo la zamani lilitokana na mahali injini ilipokuwa. Injini ikiwa nyuma na dereva ana mashine ya kadi ubavuni, kile kibaraza ni pambo.

Za zamani ziliondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005, ya mwisho ikiwa kwenye njia namba 159. Nazipenda, lakini sitakudanganya: mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kupanda kabisa, mama mwenye kigari cha mtoto alipata taabu, na walioruka kutoka kibarazani basi likienda hawakuangukia miguu siku zote.

Jambo la mwisho kuhusu basi lako. Nimekupa RML24 na kitu, ila ujue namba hiyo si jina la chuma, ni jina la karatasi. Kila baada ya miaka kadhaa Routemaster ilipelekwa Aldenham, karakana kubwa kaskazini mwa London. Huko bodi iliinuliwa kwa winchi, fremu zikaenda upande wao na bodi upande wake. Bodi ilichukua muda mrefu kuliko mitambo, kwa hiyo hawakusubiriana. Bodi iliyokuwa tayari ilipewa fremu zilizokuwa tayari, ikapigwa namba ya basi lililotakiwa kutoka siku hiyo. Vipuri vilikaa sawasawa kwa sababu vyote vilipimwa kwa kigezo kimoja. Basi likiingia kama RML2410 lingeweza kutoka kama jingine kabisa, na RML2410 nyingine ikatoka mlango wa pili. Watu wanaotafuta "basi la babu" kwa namba mara nyingi wananunua bodi ya babu wa mwingine.

Kwa picha yako nina matumaini, maana ubavuni bado yapo maneno LONDON TRANSPORT kwa herufi za dhahabu. Katika miaka ya 70 yaliondolewa, ikaja alama nyeupe ya duara. Kwa hiyo picha ni ya miaka ya mwanzo, na huenda basi lilikuwa halijapelekwa Aldenham hata mara moja.

Mwombe mjomba aipige picha upya kwa mwanga mzuri, karibu zaidi, usawa wa kifua cha babu. Hapo kwenye ukosi nadhani naona beji ya mviringo. Makondakta walivaa yenye ukingo wa kijani, madereva nyekundu, na ya mtu wa London ilianza na herufi N, ikafuatiwa na namba. Nitumie hiyo namba. Hiyo alipewa yeye, na hakuna karakana iliyoweza kuihamishia kwa mwingine.